Ukizidiwa, nani atakusemea? Maswali na majibu kuhusu kupanga matibabu mapema

Kupanga matibabu mapema ndiyo nini?
Ni mtu kusema, akiwa na akili zake timamu, angependa atibiwe vipi iwapo siku moja hataweza kujisemea: apelekwe hadi wapi, awekewe mashine ya kupumulia au la, na nani aulizwe kwa niaba yake.

Huko si kujitakia mauti?
Wasia wa mali tunauandika tukiwa wazima, na hakuna anayetuambia tunajiombea kifo.

Mbona basi madaktari wenyewe wanabishana?
Mwaka 2021, Sean Morrison, Diane Meier na Robert Arnold, wakongwe wa tiba shufaa (ya kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa mahututi) Marekani, waliandika katika jarida la kitabibu la JAMA kwamba mpango huu haujaleta faida iliyotarajiwa. Hoja yao: uamuzi wa mtu aliyekaa kwa raha hauoani na hali halisi ya usiku wa kuzidiwa, tena nia hubadilika. Upande wa pili wanautaja utafiti wa Melbourne, Australia, wa 2010 uliofuata wagonjwa 309 wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Kati ya 56 waliofariki katika miezi 6, waliokuwa wamepanga, matakwa yao yalijulikana na kufuatwa kwa asilimia 86. Wengine, asilimia 30. Jamaa za waliopanga pia hawakuumia moyoni kama jamaa za wale wengine. Mimi naona karatasi ya mpango imebebeshwa mzigo usio wake. Kinachofaa ni mazungumzo.

Sisi wa Lamu yanatuhusu nini?
Sana, kwa sababu ya maji. Mgonjwa akihitaji kupelekwa Mombasa, kabla ya mashine kuna boti ya kuvuka hadi Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara. Niliwahi kushuhudia gatini: bibi yuko kwenye machela, mjukuu ameinua dripu juu, maji yanakupwa. Mwana mkubwa anasema twende. Binti anasema mama alitaka afie nyumbani kwake. Wa tatu yuko Dubai, kwenye simu, anamtaka daktari. Nahodha kakaa, injini inanguruma. Bibi alikuwa amesema, lakini alimwambia binti peke yake, jikoni. Semeni mbele ya wote.

Sheria ya Kenya inasemaje?
Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu uliyemteua kwa maandishi akutolee idhini ya matibabu ukiwa huwezi mwenyewe.

Nikikataa mashine, nitaachwa nife na maumivu?
La. Dawa ya maumivu, mofini ikibidi, kugeuzwa, kuoshwa, kulowanishwa midomo: hayo yote ni haki yako. Na ukibadili nia kesho, badili.

Nianzeje na baba?
Usianze na mashine. Ngoja baada ya Alasiri akiwa barazani na kahawa yake, umuulize: "Baba, ukishindwa kusema, tumsikize nani?" Kisha nyamaza. Akimtaja ndugu yako, usinune.