Usukani Mzito kwenye Pikipiki Yenye Kigari cha Pembeni

Pikipiki ya kawaida hukata kona kwa kulala. Dereva anaiinamisha kidogo, nayo inafuata. Mikono haina kazi kubwa. Ukishaifungia kigari cha pembeni, hailali tena, na kona yote inakatwa kwa nguvu ya mikono. Ndiyo maana dereva wa pikipiki ya aina hii, iwe ya mizigo au ya kubebea wagonjwa kama zile zilizotumika Malawi na Sudan Kusini, hufika mabega yakimuuma. Tusiuchukulie uchovu huo kuwa jambo dogo, kwa sababu mikono iliyochoka huchelewa kukwepa shimo.

Kabla ya kufungua nati yoyote, fundi ajue analalamikiwa nini hasa. Usukani unaovuta upande mmoja hata kwenye barabara nyoofu ni tatizo la mpangilio wa kigari. Laza bao nyoofu kando ya matairi ya pikipiki na lingine kando ya tairi la kigari: kwa mbele mabao yakaribiane kuliko nyuma, kwa kawaida kwa tofauti ya milimita 10 hadi 20. Pikipiki yenyewe iegemee nje, mbali na kigari, kwa nyuzi moja hivi au mbili. Pima dereva akiwa amekaa na mzigo wa kawaida ukiwa ndani. Angalia pia upepo wa tairi la mbele na beringi za shingo, yaani pale usukani unapozungukia kwenye fremu, maana zikikazwa kupita kiasi usukani hukaza hata kama vipimo vingine vyote ni sahihi.

Usukani ulio mzito wakati wa kukata kona, kulia na kushoto, ni habari nyingine. Chukua mstari unaopita katikati ya shingo ya pikipiki, uushushe hadi ardhini. Kisha teremsha timazi kutoka kwenye ekseli ya mbele. Umbali kati ya alama hizo mbili tuuite mfuatio. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mfuatio wa milimita 90 hadi 110, na huo ndio unaolirudisha gurudumu katikati lenyewe. Kwenye kigari cha pembeni, nguvu hiyo hiyo ya kurudisha ndiyo unayopigana nayo kila kona.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kwenye kona barabara inasukuma tairi la mbele ubavuni kwa nyutoni 500 (kama kilo 50), na mfuatio ni milimita 100. Kwa usukani wenye upana wa sentimita 80, kila mkono unahitaji nguvu ya kama kilo sita. Ukipunguza mfuatio hadi milimita 50, nguvu hiyo inakaribia nusu. Haishuki hadi sifuri hata mfuatio ukiisha, kwa kuwa tairi lenyewe likipinda huongeza ukinzani wake.

Watengenezaji walilijua hili zamani. BMW za miaka ya 1955 hadi 1969 zilitumia foko (kishikio cha gurudumu la mbele) iliyobuniwa na Mwingereza Ernest Earles, yenye mkono unaobeba gurudumu. Mkono huo ulikuwa na sehemu mbili za kufungia: ya nyuma kwa pikipiki tupu, ya mbele kwa pikipiki yenye kigari. Ukiihamisha bolti kwenda sehemu ya mbele, mfuatio unapungua. Ural, pikipiki zenye asili ya Urusi, nazo zimetumia kwa miaka mingi foko ya mkono unaotangulia.

Kwa foko za kawaida, njia ya uhakika ni kuweka pleti za kushikia foko zinazoisogeza ekseli mbele zaidi. Wengine hurefusha foko wakidhani wanasaidia. Wanakosea: shingo inalala zaidi na mfuatio unaongezeka. Usukani mpana humpa dereva nguvu zaidi, lakini mfuatio unabaki vilevile. Na tafadhali, foko na shingo visichomelewe wala kupashwa moto gereji ya mtaani. Chuma kikikatika hapo hakuna kinachomshikilia dereva.

Mfuatio ukipunguzwa sana, usukani huanza kutikisika kwenye mwendo mdogo, mara nyingi kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Funga kizuia mtikisiko cha usukani, kisha jaribu uwanjani, kigari kikiwa kitupu na kikiwa na mzigo. Mwambie dereva pia kwamba wepesi wa usukani hauzuii kigari kitupu kunyanyuka anapokata kona kuelekea upande wake. Kona hiyo bado inataka mwendo wa chini.