Je, wajua kwa nini Gambo Sawaba, mwanasiasa wa kaskazini mwa Nigeria, alifungwa jela mara 16 wakati hata kura hakuwa nayo?

Tuanzie kwenye kura maana hapo ndo panashangaza. Nigeria ilipata uhuru 1960, wanawake wa kusini walikuwa washaanza kupiga kura miaka ya 1950, ila wa kaskazini hapana, wao wakabaki watazamaji tu. Sasa huyu mama wa Zaria, mji wa kaskazini, anafungwa kwa siasa gani?

Jina alilopewa ni Hajaratu, alizaliwa 1933, baba yake Mghana, mama yake Mnupe, kabila la Nigeria. Gambo ni jina ambalo Wahausa humwita mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Sawaba lenyewe limekuja na siasa, ni neno la ukombozi, watu wa chama chake walilipenda sana. Akiwa na miaka 13 tu akaozwa kwa askari aliyerudi kutoka Vita ya Pili ya Dunia, jamaa akamwachia mimba akaondoka zake. Mi naona hiyo ndo shule yake ya siasa, maana hadi uzeeni alikuwa anapigia kelele ndoa za watoto.

Alipofika miaka 17 hivi akaingia NEPU, chama cha wanyonge cha akina Aminu Kano, kilichokuwa kinapambana na NPC, chama tawala cha kaskazini cha Ahmadu Bello, ambacho nyuma yake kulikuwa na masultani na machifu, wale wanaoitwa ma-emir. Na hapa ndo jibu lilipo. Wake za watu kule walikuwa wanatawa, yani wanakaa ndani, hawatoki, mkutano wa hadhara hawaendi, mwanaume wa chama hawezi kupiga hodi ndani kwa mke wa mtu. Ila mwanamke mwenzao anaingia bila shida, anakaa nao, anapiga stori, na kabla hajaondoka washaongelea kodi, shule za mabinti na haki ya kupiga kura. Mikutano ya nje unaweza kuifunga, ila ya uani kwa watu utaifungaje?

Basi watawala wakamshika mjini Kano, wakamfikisha kwa alkali, yani kadhi wao, kosa eti anawatoa wanawake kwenye kutawa! Akafungwa, akatoka, akaendelea, akafungwa tena. Alichapwa, akafukuzwa mji, na inasimuliwa kwamba kuna mara walimnyoa nywele kwa chupa iliyovunjika. Hata safari ya Abeokuta, kusini-magharibi mwa Nigeria, alienda, kwa mtetezi wa wanawake Funmilayo Ransome-Kuti, mama yake mwanamuziki Fela Kuti, kujifunza jinsi ya kuwapanga wanawake.

Kura yenyewe ilikuja 1976 tena kwa amri ya serikali ya kijeshi, ambayo haikuwa imechaguliwa na mtu. Uchaguzi mkuu wa 1979 ndo wa kwanza wanawake wa kaskazini kupiga, Gambo akiwa na miaka 46, na safari hii ni naibu mwenyekiti wa chama kingine, GNPP (Great Nigeria People's Party). Alifariki 2001, na pale Zaria kuna hospitali ina jina lake.