Modeli ya maporomoko katika kutengeneza programu, na mahali inapokwama

Modeli ya maporomoko ni utaratibu wa kutengeneza programu kwa hatua zinazofuatana: kukusanya mahitaji, kusanifu mfumo, kuandika msimbo (maagizo ambayo kompyuta hufuata), kufanya majaribio, kisha kuuweka mfumo kazini na kuutunza. Hatua haianzi mpaka iliyotangulia ikamilike na hati zake zitiwe saini.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ukweli huchelewa kujulikana. Mteja hutia saini hati ya mahitaji kabla hajaona hata skrini moja. Chukua mfumo wa ada za shule: hati imesema kila mwanafunzi ana mlipaji mmoja. Miezi baadaye, wakati wa majaribio, mhasibu anaeleza kuwa ada ya mtoto mmoja huchangiwa na baba, shangazi na mfadhili. Mwanzoni ingetosha kurekebisha sentensi moja. Sasa inabidi kubadili majedwali ya hifadhidata, fomu, risiti na ripoti, kisha kupima upya kila kitu, na bajeti imekwisha.

Uhaba wa muda nao huwaangukia wajaribuji. Hatua za mwanzo zikichelewa na tarehe ya uzinduzi isisogezwe, siku zinazokatwa ni za majaribio, yaani hatua ileile ambayo ingefichua makosa.

Winston Royce, Mmarekani ambaye makala yake ya 1970 huhesabiwa kuwa chimbuko la modeli hii, alionya humohumo kuwa kuifuata hivyo ni hatari, kwa sababu kasi ya mfumo na matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta hupimwa kwa mara ya kwanza mwishoni. Alishauri programu mpya ijengwe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia. Inasikitisha kwamba wengi walichukua mchoro wake wakaliacha onyo.

FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ililipia somo hilo. Hati ya mahitaji ya mfumo wake wa majalada, Virtual Case File, ilizidi kurasa 800, na mahitaji yakazidi kubadilika. Mwaka 2005 mradi uliachwa, takriban dola milioni 170 zikiwa zimetumika. Mrithi wake, Sentinel, nao ulikwama mpaka kazi ikagawanywa katika vipande vya wiki mbili mbili. Ulianza kutumika 2012.

Pale mahitaji yasipobadilika, kwa mfano programu ya kifaa ambacho muundo wake umeshaamuliwa na hautabadilika, maporomoko bado yanafaa. Mkataba ukikulazimisha kuyatumia kwingineko, waonyeshe watumiaji skrini za mfano kabla hati haijatiwa saini, na siku za majaribio ziandikwe kwenye mkataba wenyewe ili zisikatwe.