Osmosi: yanayohama ni maji, si chumvi

Kipindupindu kikizuka tu, hutakosa kusikia mtu akieleza kwamba ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganywa na maji ya kunywa, inasaidia kwa sababu "mwili unafyonza chumvi kwa osmosi". Hapana. Osmosi ni kuhama kwa maji kupitia utando unaoyaruhusu maji na kuzuia vilivyoyeyuka ndani yake. Yanatoka kwenye chumvi kidogo kwenda kwenye chumvi nyingi. Nyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari, usubiri kidogo: vinalegea, na bakuli linatuamisha maji ambayo hukuyatia wewe.

Ubishi wangu una sababu. Ukishadhani kwamba chumvi na maji hupita ovyo, utaamini pia kwamba maji ni maji, popote yamiminwapo. Mtu mzima wa kilo 70 ana lita 42 hivi za maji mwilini. Kama 28 zimo ndani ya seli, 14 ziko nje, na kati ya hizo 14 zilizo kwenye majimaji ya damu ni 3 tu. Kwenye utando wa kila seli kuna pampu ambazo kila mara zinatoa sodiamu (ambayo ni sehemu ya chumvi) 3 na kuingiza potasiamu 2, usiku na mchana, na kazi hiyo inakula nishati nyingi. Sodiamu hubaki nje kwa sababu inatolewa kila mara, na ikibaki nje inashikilia maji huko huko.

Sasa ile "dripu ya maji". Ingekuwa maji matupu, chembe nyekundu za damu zingeyanywa hadi zipasuke. Chupa ya saline ina gramu 9 za chumvi kwa lita, kiasi ambacho chembe haivimbi wala hainywei. Lita hiyo hubaki nje ya seli, na robo yake hivi hukaa kwenye mishipa. Chupa ya glukosi ya asilimia 5 iliyotundikwa kitanda cha pili ukiitazama huioni tofauti, lakini seli zikishaitumia sukari yake, kilichobaki ni maji tu, na theluthi mbili huzama ndani ya seli. Mgonjwa ambaye mapigo ya mkono hayasikiki tena kwa kuhara haokolewi na hiyo. Kwa hiyo ndugu wanaomgombeza muuguzi kwamba "kamwekea chumvi badala ya glukosi ya nguvu" wanamwonea bure.

Na hiyo sukari ya ORS nayo si ya nguvu. Pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi. Hapo nguvu gani? Ukuta wa utumbo mwembamba una protini inayoingiza sodiamu mbili kwa kila glukosi moja, zote kwa pamoja. Mwanabiokemia Robert Crane alilieleza wazo hilo mjini Prague mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu hufanya utumbo umwage chumvi na maji, lakini protini hiyo, mlango wa sodiamu na glukosi, haiufungi. Mwaka 1971, dripu zilipopungua kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi, na vifo vikashuka sana.

Ukizidisha sukari, au ukampa mtoto soda, mambo yanageuka: majimaji ya utumboni yanakuwa mazito kuliko damu, maji yanavutwa kurudi utumboni, kuhara kunazidi. Hata Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliupunguza uzito wa ORS mwaka 2002, kutoka 311 hadi 245 kwa miliosmoli kwa lita, kipimo cha wingi wa vilivyoyeyuka ndani ya maji.

Kwa hiyo anayesema osmosi hajapotea kabisa, kaiweka tu mahali pasipo pake. Sodiamu imeingia kwa kushikana na sukari mlangoni. Osmosi ni ya maji yaliyoifuata nyuma.