Kwa nini tarbia hukwama: jometri ya ushairi kwa shanga 36

Ukitaja ushairi wa majaribio, wengi hufikiria jambo moja tu: kutupa vina na mizani. Hawakosei sana. Miaka ya 1970 mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi, hasa kwa diwani yake Kichomi ya 1974, alikuwa katikati ya mgogoro kati ya wanamapokeo na wanausasa, na tangu hapo neno "jaribio" limebaki upande wa mashairi huru. Lakini kuna majaribio ya namna nyingine, ambayo mtunzi hapunguzi masharti bali anajiongezea. Mwaka 1960, jijini Paris, Raymond Queneau na François Le Lionnais walianzisha Oulipo, kikundi cha waandishi na wanahisabati waliojipa kazi ya kubuni na kuchunguza masharti ya utunzi. Sharti moja walilolipekua ni kongwe, la Arnaut Daniel, mtunzi wa kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 12. Linaitwa sestina. Likiwekwa mbele ya bahari zetu, yaani aina za mashairi ya Kiswahili, linaonyesha kitu ambacho hakisemwi sana madarasani.

Sestina ina beti sita za mishororo sita, kisha malizio ya mishororo mitatu; jumla mishororo 39. Haina vina. Badala yake yapo maneno sita yanayofunga mishororo, na maneno hayohayo hurudi kila ubeti kwa mpangilio mpya. Mpangilio unapatikana hivi: chukua neno la mwisho, kisha la kwanza, kisha la pili kutoka mwisho, kisha la pili, endelea kuingia ndani mpaka yaishe. Yaani 6, 1, 5, 2, 4, 3. Ziandike namba 1 hadi 6 kwa kushuka, pitisha kalamu kwa mfuatano huo, utaona mzingo kama wa gamba la konokono. Neno lililofunga ubeti hurudi mara moja kufunga mshororo wa kwanza wa ubeti unaofuata. Anayejua pindu, ambapo mwisho wa ubeti hurudiwa mwanzoni mwa ubeti unaofuata, ataona undugu.

Maelezo ya mdomo huchanganya, kwa hiyo tumia shanga: kila rangi ni neno, kila safu ni ubeti. Mjini Arusha hazitafutwi kwa tochi. Unahitaji rangi sita, punje sita kila rangi, daftari la hesabu lenye miraba na gundi. Bandika safu ya kwanza: nyekundu, nyeupe, buluu, kijani, njano, nyeusi. Safu ya pili ifuate kanuni: nyeusi, nyekundu, njano, nyeupe, kijani, buluu. Ya tatu unaitoa kwenye ya pili, usirudi kwenye ya kwanza. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaendelea kusoma safu ya kwanza, na safu zote zinazofuata zinafanana na ya pili. Ukifika safu ya sita, angalia kwa kushuka. Kila rangi lazima ionekane mara moja tu katika kila safu wima. Rangi ikijirudia katika safu wima, umekosea mahali. Safu ya saba, ukiijaribu, itakuwa ileile ya kwanza, ndiyo maana beti huishia sita.

Sasa fanya vilevile kwa rangi nne, maana tarbia, yenye mishororo minne kila ubeti, ndiyo bahari yetu ya kila siku. Kanuni inatoa 4, 1, 3, 2. Kisha 2, 4, 3, 1. Kisha unarudi 1, 2, 3, 4. Tazama safu wima ya tatu: rangi moja imeshuka moja kwa moja kama mchirizi. Neno la tatu haliondoki kamwe, na ubeti wa nne ni nakala ya wa kwanza. Tathlitha, ya mishororo mitatu, inapita: kila neno hufika kila nafasi. Takhmisa, ya mitano, inapita. Tasdisa, ya sita, ndiyo sestina yenyewe. Usaba, wa mishororo saba, unakwama neno la tano; ukumi, wa mishororo kumi, neno la saba. Sababu ni hesabu ndogo: neno lililo nusu ya chini huhamia nafasi inayopatikana kwa kutoa namba yake kutoka jumla ya mishororo, kuzidisha kwa mbili na kuongeza moja. Kwa neno la tatu kati ya manne: nne toa tatu ni moja, mara mbili ni mbili, ongeza moja ni tatu. Limerudi palepale. Jambo hilo hutokea kwa 4, 7, 10 na kuendelea kwa hatua za tatu. Mishororo minane haina neno linalokwama, lakini nayo haifai: mpangilio wa kwanza unarudi ubeti wa tano, kabla ya maneno kupita nafasi zote.

Hapa falsafa inaingia bila kubisha hodi. Nani aliamua neno la tatu lisihame? Si Arnaut Daniel, wala si sisi. Kanuni tumeitunga, ila matokeo yake tumeyakuta. Msanii wa Marekani Sol LeWitt, aliyeanza michoro yake ya ukutani mwaka 1968, aliandika maelekezo na mara nyingi wengine ndio waliochora. Kazi ikawa maelekezo, si mkono wake. Kwa maoni yangu ushairi hauwezi kufika huko kabisa, kwa kuwa shanga hazina maana nyingi, na maneno yanazo.

Na Kiswahili kinazo kwa wingi. Chagua maneno kama panda, shuka, paa, ua, kaa, chungu. Yote yana silabi mbili, kwa hiyo mshororo wa mizani 16 unabakiza 14 za kuchezea. Ubeti wa kwanza unaweza kusema:

*Gari la kwenda Kijenge, abiria wanapanda*

na katika ubeti wa pili neno lilelile likawa la shambani:

*Masika yakiwadia, wakulima wanapanda*

Viambishi vya mwanzo havina madhara, kwa sababu mwisho wa neno unabaki. Kinachoharibu ni mwisho: wapande, hapandi, kupandwa. Epuka pia maneno yenye maana moja ngumu, kama "saruji". Ubeti wa nne utakuwa umeishiwa.

Malizio yana mishororo mitatu na lazima yabebe maneno yote sita. Kwa lugha nyingine hilo ni gumu, lakini shairi letu lina ukwapi na utao: vipande viwili mara mishororo mitatu ni nafasi sita kamili, neno moja kila mwisho wa kipande. Andika malizio kwanza, kabla ya ubeti wa kwanza. Kama maneno sita hayakubali kukaa pamoja katika mishororo mitatu, badilisha maneno mapema, kabla hujatunga mishororo 36 bure.