Mediki na ngano: mbegu peke yake haitoshi

Watu wakisikia kwamba miaka ya 1970 wataalamu wa Australia Kusini walikwenda Libya kufundisha kilimo cha kupokezana ngano na malisho, wengi wanadhani malisho hayo, mediki, ni mmea wa kigeni uliopelekwa Afrika Kaskazini. Hapana jamani. Mediki, yaani yale malisho ya jamii ya kunde, kwao ni hukohuko kandokando ya Mediterania, ulifika Australia bila mtu kuupangia safari, ukajiotea, wakulima wakaona kondoo wananenepa na ngano ya mwaka unaofuata inastawi kwa rutuba ya naitrojeni iliyobaki ardhini. Kilichotoka Australia ni namna ya kuutunza.

Sasa hii ndo inaniuma zaidi, eti ukishaleta mbegu umemaliza. Chukua ganda moja la mediki uliweke kiganjani, limejisokota kama nyumba ya konokono, mengi yana vimiba vinavyong'ang'ania manyoya ya kondoo, ndani kuna vimbegu vigumu kweli kweli. Mwaka wa kwanza nyingi hazioti hata mvua inyeshe vipi, zinakaa udongoni, na hiyo ndo akiba ya mkulima maana analima ngano mwaka huu, mwakani malisho yanaota yenyewe bila kupanda tena. Ila mtu akipitisha plau la kuzama sentimita 25 au 30 akiba yote inafukiwa, mche hauna nguvu ya kutoka huko chini. Waustralia walikuwa wanakwangua juujuu, chini ya sentimita 10. Afrika Kaskazini mbegu ikabadilishwa, plau likabaki lilelile, halafu mediki ndo ikalaumiwa!

Wengine wanasema hali ya hewa ya Australia Kusini na Afrika Kaskazini ni moja. Mvua za majira ya baridi sawa, kiangazi kikavu sawa, lakini nyanda za juu za Algeria zina baridi ya kugandisha na aina za mediki za Australia kama ile inayoitwa Jemalong zinaungua, huko bora mbegu za palepale.

Na kondoo si adui wa malisho, mediki ikiwa mbichi wanapunguza majani mengine yanayoibana. Hatari ni kiangazi, wanakula maganda yaliyodondoka mpaka yaishe. Australia shamba lina uzio na kondoo ni wa mwenye shamba mwenyewe, anawatoa akiona yanapungua. Afrika Kaskazini sehemu nyingi shamba likishavunwa ni la mifugo ya wote, kwahiyo hata ukiyaachia maganda ya mwakani, kundi la jirani linapita linayamaliza.