Mdomo wa ndege haukui kwa kutamani

Wengi hapa Mbeya huamini kwamba ndege wa visiwani, njaa ikimbana, hukuza mdomo wake ili apasue mbegu ngumu. Sivyo.

Katika kisiwa cha Daphne Major, kwenye visiwa vya Galapagos vya Bahari ya Pasifiki, ukame wa 1977 ulimaliza mbegu ndogo laini, zikabaki kubwa na ngumu. Hakuna ndege aliyebadilika mdomo. Wenye midomo midogo walikufa kwa wingi. Wenye minene wakasalia, wakazaa makinda ya midomo minene. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant waliwapima ndege hao mmoja mmoja, kazi ya subira ninayoiheshimu sana.

Mkulima wa Mbozi analijua hili. Akichagua mahindi ya mbegu huchukua yaliyojaa. Hakuna hindi lililojinenepesha ili lichaguliwe. Madogo yamekwenda mashineni tu.